Ukisomea Ubingwa Mtandaoni, Kila Somo Liwe na Mgonjwa Wake

Daktari aliyepangiwa kazi Kyerwa, mkoani Kagera, akitaka kusomea ubingwa, njia anayoijua ni kufunga virago. Kutoka Nyakatuntu atateremka hadi Bukoba akapande meli ya usiku, au atashika basi la kupitia Biharamulo na Geita, ambalo tangu Juni 2025 linaweza kuvuka Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Ataripoti hospitali ya Bugando, Mwanza. Wenzake watasogea mbali zaidi, KCMC Moshi au Muhimbili Dar es Salaam. Huko atakaa miaka 3, pengine 4, mpaka amalize MMed, yaani shahada ya uzamili ya ubingwa.

Huku nyuma zamu zake zinagawanywa kwa waliobaki, ambao hata kabla hajaondoka walikuwa hawatoshi. Familia inabaki na migomba na kahawa, ada inadaiwa, na kodi ya chumba cha mjini nayo inadaiwa. Ndiyo maana tangazo la kusoma mtandaoni huku ukiendelea na kazi linavutia. Simu unayo, bando unaweka, na masomo mengine ni ya bure. Kwa nini uhame?

Jibu langu ni kwamba utahama tu, kwa muda, kwa sababu ubingwa wa tiba haupatikani kwa simu peke yake. Ila mtandao ukiutumia vizuri utakufikisha hospitali ya kufundishia ukiwa umekwisha kujiandaa, utakusaidia ukiwa huko, na utakuzuia usibaki nyuma ukirudi Kyerwa. Sharti ni moja: kila unachosoma mtandaoni kifungamane na mgonjwa uliyemwona na mtu anayeijua kazi hiyo kukuzidi. Somo lisilo na mgonjwa wala mwalimu utalisahau kabla ya zamu ijayo.

Jua cheti unachokifuata

Vyeti vya mtandaoni kwa daktari viko vya aina tatu, na watu huvichanganya.

Aina ya kwanza ni cheti cha kuhudhuria. Shirika la Afya Duniani lina masomo mengi ya namna hii, mafupi na ya bure. Yanaongeza maarifa, na mengine yanaweza kukupa pointi za mafunzo endelevu ya kitaaluma (CPD) ambazo Baraza la Madaktari Tanganyika huzidai unapohuisha leseni. Hakikisha mapema kama somo unalolifuata linahesabiwa. Usije ukaligundua hilo wiki ya mwisho wa mwaka.

Aina ya pili ni shahada ya uzamili ya kitaaluma. London School of Hygiene & Tropical Medicine hufundisha kwa masafa afya ya jamii, epidemiolojia na magonjwa ya kuambukiza. University of Edinburgh ina shahada za mtandaoni kwa madaktari, zikiwemo za sayansi ya upasuaji. Mtanzania anaweza kuomba ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa, unaolipa ada bila kumtoa mtu nchini kwake. Hizo ni shahada nzuri, na zinamfaa sana anayetaka utafiti au uongozi wa afya. Lakini hazikufanyi bingwa.

Aina ya tatu ndiyo ubingwa wenyewe: MMed ya chuo kikuu, au mafunzo ya vyuo vya kanda kama COSECSA kwa wapasuaji na ECSACOP kwa madaktari wa magonjwa ya ndani. Huko mtandao ni msaidizi tu. Anayekufundisha hasa ni wodi, chumba cha upasuaji na bingwa aliyesimama karibu yako.

Huku Kagera tunaijua butura: mkulima aliyebanwa na shida anauza kahawa ingali mtini, kwa bei ya hasara, na ikiiva si yake tena. Daktari anayelipia cheti kwa sababu jina la chuo linapendeza, kabla ya kuuliza kitamfikisha wapi, anafanya biashara hiyo hiyo. Kabla hujatoa hata shilingi, uliza mambo mawili kwa maandishi. La kwanza uliza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU): shahada hii inatambuliwa nchini? La pili uliza Baraza la Madaktari: nikiipata, mtanisajili kama bingwa? Jibu la kwanza linaweza kuwa ndiyo na la pili likawa hapana. Ni heri ulijue hilo leo kuliko baada ya miaka 2 ya ada.

Kabla hujaondoka

Muda unaongoja nafasi au ufadhili usiupoteze kwa kulalamika. Ni muda wa kujenga msingi, na kituo chako kina vya kutosha vya kujengea.

Anza na rejista, si na intaneti. Fungua rejista za miezi michache iliyopita, uone ni matatizo gani matatu yanayokuletea rufaa nyingi zaidi au vifo vingi zaidi katika fani unayoitaka. Ukitaka uzazi, pengine ni kutoka damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba na uchungu uliokwama. Ukitaka watoto, pengine ni malaria kali, nimonia na watoto wachanga wanaoshindwa kupumua. Hayo matatu ndiyo mtaala wako wa kwanza. Daktari anayefungua YouTube bila mtaala atajikuta usiku wa manane akitazama upasuaji wa moyo unaofanywa kwa roboti, na kesho yake asubuhi ana mama mwenye presha 170 kwa 110.

Pili, tafuta msimamizi. Anaweza kuwa bingwa wa hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, mtu wa Bugando uliyesoma naye, au daktari mzoefu wa hospitali ya Nyakahanga, wilaya jirani ya Karagwe. Tangu 2024 kumekuwa na kambi za madaktari bingwa zinazozunguka hospitali za halmashauri nchini. Wakija kwenu, usiishie kuwapangia foleni ya wagonjwa. Simama nao kwenye raundi, uliza, na kabla hawajaondoka mwombe mmoja wao akupe ruhusa ya kumpelekea kesi moja kila wiki. Mwombe kwa heshima na umwekee mipaka: kesi moja, siku moja, maswali mawili. Bingwa mwenye kazi nyingi hawezi kukubali kuwa mwalimu wako wa kila saa, lakini dakika 10 za Jumapili jioni wengi hawakunyimi.

Tatu, pata vitabu kwa njia ya halali. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani na sasa uko ndani ya Research4Life, hufungulia majarida na vitabu vya tiba taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo. Tatizo ni kwamba hauandikishi mtu mmoja mmoja. Taasisi ndiyo inayojiandikisha. Muulize mganga mfawidhi kama hospitali yenu imo. Kama haimo, jitolee kujaza fomu wewe mwenyewe. Utakuwa umewafungulia wenzako wote, si wewe tu.

Na chochote utakachosoma cha nje, kilinganishe na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Mhadhara wa Boston utakuelekeza kipimo ambacho Kyerwa hakipo na dawa ambayo Bohari ya Dawa (MSD) hailetei kituo chenu. Swali la kujiuliza kila mara ni: kwa dawa na vipimo nilivyo navyo, hatua hii inakuwaje?

Usirudie kusoma, jiulize

Wengi wetu tulipita chuoni kwa desa: unasoma, unapigia mstari, unasoma tena. Mtandao umelikuza zaidi kosa hilo, kwa sababu video inakufanya uhisi umeelewa wakati umetazama tu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara 4. Kundi jingine lilikisoma mara 1, kisha likajaribu kukikumbuka mara 3 bila kuangalia. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Mgonjwa wako naye haji dakika 5 baada ya somo. Anakuja baada ya wiki, saa 8 usiku.

Chukua kifafa cha mimba. Umesikiliza mhadhara wa nusu saa juu ya magnesiamu salfeti. Usiurudie. Zima simu, chukua karatasi, andika: dozi ya kwanza ni kiasi gani, inapita wapi, na kabla ya dozi inayofuata nitapima nini? Kama umelishika somo, kalamu itaandika gramu 4 za kwenye mshipa, polepole, na gramu 10 za kwenye msuli, 5 kila tako. Itaandika kwamba gramu 5 zinazofuata ni baada ya saa 4, na kwamba kabla ya kuzitoa kuna mambo matatu ya kuangalia: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke linapogongwa, na mkojo uwe umefika angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Itaandika pia dawa ya kumwokoa mama pumzi zikisimama: kalsiamu glukoneti gramu 1 kwenye mshipa, taratibu, huku ukimsaidia kupumua.

Kilichokosekana kwenye karatasi ndicho cha kusoma usiku huo. Kesho yake nenda wodi ya wazazi ukaendelee na somo kwa miguu. Kalsiamu glukoneti ipo kwenye trei ya dharura, au iko stoo na ufunguo anao mtu aliyelala nyumbani? Nyundo ya kugonga goti ipo? Usiku nani anaandika mkojo? Ukimaliza maswali hayo, mhadhara wa nusu saa umezaa kitu ambacho mgonjwa atakiona. Rudia karatasi ile ile baada ya siku 3, kisha baada ya wiki 2.

Mkono haufundishwi na video

Je, mtandao unafundisha kweli, au ni mtindo wa mjini? Mwaka 2008 jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti 201 kuhusu mafunzo ya intaneti kwa watu wa afya. Yakilinganishwa na kutofundishwa kabisa, faida yake ilikuwa kubwa. Yakilinganishwa na mafunzo ya kawaida ya darasani, tofauti ilikuwa ndogo. Kwa maneno mengine, kwa maarifa ya kichwani, mtu wa Nyakatuntu hapungukiwi kitu kwa kukosa kiti katika ukumbi wa mihadhara.

Kwa kazi ya mikono habari ni nyingine, na ushahidi wake hauko Ulaya. Uko Haydom, mkoani Manyara. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifundisha wahudumu wake kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua kwa mafunzo ya siku moja. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo, hata miezi kadhaa baadaye. Lakini walipochunguzwa kwenye chumba cha kujifungulia, utendaji wao kwa watoto halisi haukuwa umebadilika. Somo lilikuwa limeingia, ila halikuvuka mlango wa leba.

Hawakuagiza kozi nyingine. Mwanzoni mwa 2011 waliweka mwanasesere pale pale kazini, wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.  Kilichoongezeka ni mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, karibu na kazi yenyewe.

Basi kwa kila ujuzi wa mkono unaoutazama mtandaoni, panga zoezi la dakika 5 kazini na mtu wa kukutazama. Hata kama huna mwanasesere, kushona kunaweza kufanyiwa mazoezi kwenye nyama ya buchani, na fundo la mpasuaji linafungwa kwenye mguu wa meza. Usichoweza kukipata peke yako ni jicho la mwingine. Jirekodi mikono tu, bila mgonjwa, umpelekee msimamizi wako sekunde 60 akuambie unapokosea.

Mkoa wetu una sababu ya ziada ya kulichukua hili kwa uzito. Machi 21, 2023 Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa wa Marburg Bukoba Vijijini. Hadi mlipuko unaisha, wagonjwa walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki. Wawili kati ya hao 9 walikuwa wahudumu wa afya, na mmoja wao alifariki. Januari 2025 ugonjwa ukatangazwa tena mkoani Kagera, safari hii Biharamulo. Masomo ya mtandaoni juu ya mavazi ya kinga ni mazuri, na yanapatikana bure. Lakini hatari kubwa iko wakati wa kuyavua, ambapo umechoka, jasho linakutiririka, na mkono unataka kujifuta usoni. Mpangilio wa kuvua unajifunza kwa kusomewa hatua moja moja na mwenzako huku akikuzuia unapokosea. Tazama video Jumatatu, fanyeni zoezi Jumanne mkiwa wawili. Ukiruka Jumanne, Jumatatu imepotea.

Ukiwa ndani ya MMed

Ukishapata nafasi, usiache mtandao kwa sababu sasa una maprofesa. Ubadilishie kazi. Kabla ya raundi, tumia dakika 20 kusoma juu ya mgonjwa wa kitanda utakachoulizwa. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, tazama hatua za upasuaji huo, kisha zitaje kwa mdomo bila kuangalia. Ukitoka, andika.

Mfano mzuri ni COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao makuu Arusha. Hakina kampasi ya kukusanya wanafunzi. Mwanafunzi hufanya kazi katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya wapasuaji waliopo hapo, na darasa la mtandaoni linaloitwa School for Surgeons, lililojengwa kwa ushirikiano na chuo cha wapasuaji cha Ireland ulioanza 2007, humletea kesi za kujadili pamoja na wenzake wa nchi nyingine. Angalia mpangilio huo: mgonjwa yuko hospitali, mwalimu yuko hospitali, mtandao unawaunganisha waliotawanyika. Usijidanganye kwamba unaweza kufanya hivyo ukiwa mahali pasipo mpasuaji wa kukusimamia. Idhini ya hospitali ndiyo mlango, na bila hiyo hata intaneti ya kasi haikusaidii.

Daftari la kumbukumbu za kazi lipewe uzito kuliko mahudhurio ya Zoom. Kila upasuaji au utaratibu uandike kwa ngazi: niliona, nilisaidia, nilifanya nikisimamiwa, nilifanya peke yangu. Kila mwisho wa mwezi lisome mbele ya msimamizi. Kama baada ya nusu mwaka safu ya "niliona" ndiyo pekee inayojaa, unajua pa kulalamikia, na unalalamika ukiwa na ushahidi mkononi.

Bando, umeme na saa ya simu

Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayowaangusha wengi.

Pakua usiku kwa bando la usiku, soma mchana bila mtandao. Penye maandishi, chagua maandishi kabla ya video. Penye video, shusha ubora. Huhitaji kuona vinyweleo vya mhadhiri. Sauti peke yake inatosha kwa mihadhara mingi, na unaweza kuisikiliza ukiwa njiani kwenda Kayanga. Jaza chaji wakati umeme upo, si wakati unapouhitaji.

Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na karibu na Mto Kagera simu inaweza kukamata mnara wa ng'ambo. Zima huduma ya kutumia mitandao ya nje, la sivyo salio litayeyuka katikati ya darasa. Tena uwe macho na saa: Rwanda iko nyuma yetu kwa saa 1, na simu inayojirekebisha yenyewe inaweza kukuhamisha majira bila kukuaga. Weka saa kwa mkono. Ukijiunga na darasa la London, kumbuka Uingereza hubadili majira: kipindi cha saa 8 mchana kwao ni saa 11 jioni kwetu wakati wa baridi, na saa 10 jioni wakati wa kiangazi. Wapo wanaokosa mtihani kwa sababu hiyo tu.

Weka saa 4 kwa wiki na uzilinde. Ziwe asubuhi kabla ya raundi au jioni kabla hujachoka. Iambie familia. Anayejipangia saa 20 kwa wiki huku ana zamu za usiku huacha kabla mwezi haujaisha.

Siri ya mgonjwa haina bando

Makundi ya WhatsApp ya madaktari yameokoa watu, na yamewaaibisha watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Omba ridhaa, eleza picha inakwenda kwa nani na kwa nini, iandike kwenye faili. Kuficha jina hakutoshi. Kijijini, ukiandika kwamba mgonjwa ni mwalimu wa kike wa Nyakatuntu mwenye uvimbe shingoni, umemtaja. Ondoa kijiji, ondoa kazi, ondoa tarehe, kata uso kwenye picha na namba kwenye filamu ya eksirei. Picha ikishapata jibu, ifute kwenye simu yako.

Ukirudi ukiwa bingwa

Hapa ndipo mtandao unapolipa zaidi, na ndipo watu wanapousahau. Bingwa aliyerudi wilayani anakuwa peke yake katika fani yake. Hana wa kumpinga, na baada ya miaka michache asiyepingwa huanza kukosea kwa kujiamini.

Mwaka 2003 daktari Sanjeev Arora wa New Mexico, Marekani, alichoka kuona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisubiri kliniki yake kwa miezi mingi. Akaanza kukutana kwa video kila wiki na madaktari wa vituo vya mbali: kila mmoja analeta kesi yake, mabingwa wanaijadili naye, na somo fupi linafuata. Mpango huo ukaitwa Project ECHO. Matokeo yaliyochapishwa 2011, kwa wagonjwa 407, yalionyesha virusi kutoweka kwa asilimia 57.5 ya waliotibiwa kwenye kliniki ya chuo kikuu na asilimia 58.2 ya waliotibiwa na madaktari wa mbali. Waliotibiwa vijijini na katika magereza hawakupata tiba hafifu.

Mpango kama huo Karagwe na Kyerwa hauhitaji mfadhili. Unahitaji saa 1 kwa wiki, siku isiyobadilika, bingwa mmoja au wawili, na madaktari wa Nyakahanga, Isingiro, Nkwenda na Murongo. Kesi 2, somo la dakika 15, mwisho. Anayeleta kesi ndiye anayebaki na mgonjwa wake na ndiye anayerudi wiki ijayo kusema ilikuwaje. Marejesho hayo msiyaruke. Bila hayo mnapiga soga za kitaalamu.

Neno kwa wakufunzi na waajiri

Mkufunzi uliye Mwanza au Dar es Salaam, mwanafunzi wako aliye zamu hawezi kukaa Zoom saa 2 mfululizo. Rekodi sauti ya dakika 15, ambatanisha kurasa 2, toa swali moja la mgonjwa, na mpe saa 72 za kujibu ili umeme ukikatika asihesabiwe mzembe. Usimpe alama kwa kuingia darasani. Mpe kwa alichokifanya kwa mgonjwa na akakuonyesha.

Waganga wakuu wa wilaya na wamiliki wa hospitali, mnachodaiwa ni kidogo: intaneti kwenye chumba kimoja tulivu, saa 4 za wiki zinazoheshimiwa kwenye ratiba ya zamu, na uandikishaji wa hospitali kwenye Hinari. Daktari anayepewa hayo ana sababu ya kurudi akimaliza.

Nawe uliye kazini, usingoje barua ya ufadhili ndipo uanze. Fungua rejista wiki hii, chagua mgonjwa mmoja, tafuta somo moja linalomhusu, na mpigie mtu mmoja aliyekuzidi umsimulie. Bando lako la kwanza la mwezi litumike kwa hilo.